Sauti Niliyomwazima Kaka

Wazee wetu, walimu, wanafunzi, majirani na nyote mliofika, familia imenituma nisimame mbele yenu niyasome maisha ya kaka yetu, nami nimekubali kwa sababu mimi ndiye niliyemfuata kwa kuzaliwa, na kwa sababu sehemu ya maisha yake imepita katika koo langu, kama mtakavyosikia. Naomba mnivumilie nikisoma polepole, maana mimi ni fundi cherehani, sikuzoea kusoma mbele za watu, na Mungu anisaidie nisiongeze wala nisipunguze.

Kaka yetu alizaliwa Jumanne tarehe 14 Machi 1961, katika nyumba ya wafanyakazi wa reli, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watoto watano wa baba yetu, aliyekuwa karani wa stesheni, na mama yetu, aliyekuwa mama wa nyumbani na mwimbaji wa kwaya. Katika ofisi ya baba ilikuwapo simu ya kuzungusha mkono, na kaka alikua akiisikiliza simu hiyo kama watoto wengine wanavyosikiliza hadithi, akikaa chini ya meza ya baba na kusikia watu wasioonekana wakiuliza mizigo yao imefika wapi, na jioni akirudi nyumbani anatuigizia sauti zao mmoja mmoja hadi tunalia kwa kicheko. Aliweza sauti ya mkuu wa stesheni, aliweza ya mchungaji, aliweza hata ya mama mwenyewe, lakini aliyoiweza kuliko zote ilikuwa yangu, kiasi kwamba mama akiniita jikoni, yeye anaitika huko nje, "Abee mama, nakuja!", na mimi sijui lolote, nasikia tu fimbo kwa kosa la kuitika nisiende. Siku mama alipogundua hakumchapa, alimtazama kwa muda mrefu, akamwambia, "Mwanangu, sauti ya mtu si shati, kwamba utaivaa ukaivua." Sisi tulicheka, kaka peke yake hakucheka.

Elimu ya msingi aliipata kuanzia mwaka 1968 hadi 1974 katika shule iliyokuwa nyuma ya stesheni, ya sekondari kuanzia 1975 hadi 1980, kisha akapata mafunzo ya ualimu, na mwaka 1983 akajiunga na chuo kikuu kusomea lugha, akahitimu tarehe 28 Novemba 1986. Baba alihudhuria mahafali hayo akiwa amevaa sare yake ya kazi, kwa maneno yake mwenyewe ndiyo nguo pekee aliyoiamini, na picha ya siku ile ndiyo mliyoiona mezani pale mlipoingia.

Baada ya kufundisha sekondari kwa kipindi kifupi, tarehe 4 Septemba 1989 aliajiriwa na chuo kikuu kufundisha Kiingereza cha biashara kwa wanafunzi wa uhasibu, masoko na uongozi, na kazi hiyo ndiyo aliyoifanya hadi alipougua. Miaka ya mwanzo alifundisha kama alivyofundishwa yeye, wanafunzi wanakariri barua za kuomba bei, barua za kushukuru, barua za kukumbusha, wanapata alama nzuri na kwenda zao, hadi siku moja aliporudi binti mmoja aliyehitimu, akamkuta ofisini, akamwambia kwamba siku yake ya kwanza kazini simu ililia, upande wa pili alikuwapo mteja mwenye hasira, binti akaiweka simu chini. "Mwalimu," alimwambia, "ulitufundisha salamu na ukatufundisha kwaheri, ya katikati hukutufundisha." Maneno hayo yalimkaa kaka kama mwiba wa samaki, akayarudia nyumbani kwetu kila alipokuja kula.

Mwaka 1994, na hapa nalazimika kujitaja, mimi nilikuwa na chumba cha kushonea chenye cherehani mbili, nikapewa kazi ya kushona sare za shule nzima, nikaagiza marobota ya kitambaa kutoka kampuni moja, na kitambaa hakikufika. Sikuwa na simu, kwa hiyo kila Jumatatu nilikwenda ofisini kwa kaka kupiga, yeye akiwa amesimama pembeni yangu akisikiliza, na kila Jumatatu mtu wa upande wa pili alinijibu kwa adabu kubwa, "Mama, suala lako tunalifuatilia." Nilianza kwa kubembeleza, nikaja kulia, mwisho nikawa nauliza swali moja tu, "Kitambaa kipo au hakipo?", nao hawakunijibu hata siku moja. Wiki ambayo shule zilifunguliwa nilikwenda mwenyewe hadi kwenye ghala lao, nikakuta ukutani alama ya maji imefika kiunoni, na marobota yangu yameoza yakaota ukungu, yalikuwa yameoza tangu kabla sijapiga simu ya kwanza, na kila aliyenijibu alijua. Watoto walivaa nguo za nyumbani muhula mzima, na mimi wazazi hawakuniletea kazi kwa miaka.

Kaka alikuja nyumbani Jumapili iliyofuata, akakaa kwenye kiti cha kukatia nguo, akaniambia, "Mdogo wangu, niazime sauti yako." Nilimjibu kwa mzaha, "Chukua, kwani si unayo tangu utotoni?" Mama alikuwa pale akichambua mboga, hakucheka, akasema, "Mtajie na siku ya kuirudisha." Hakunitajia.

Ndipo alipoanza kufundisha kwa visa. Nawaeleza kama alivyonieleza mimi, nisiyejua mambo ya chuo, kwamba mwalimu wa namna hiyo hatoi somo, anatoa kisa cha kampuni iliyoingia matatani, kila mwanafunzi anapewa nafasi yake, huyu meneja, huyu mhasibu, huyu wa ghala, wanakaa kuizunguka meza na kuamua la kufanya, wakizungumza Kiingereza tangu mwanzo hadi mwisho, na mwalimu hawaambii jibu, kwa sababu kisa hukatwa kabla ya mwisho wake. Meza za chumba chake zilikuwa zimefungwa sakafuni kwa skrubu, chumba kile cha chini mkono wa kushoto baada ya ngazi, chenye madirisha yanayotazama maegesho ya magari, akazing'oa mwenyewe kwa bisibisi siku ya mapumziko, na mama wa usafi akamnunia mwezi mzima. Aliandika visa vingi, majirani wakasikia kwamba mwalimu anashughulika na visa, mmoja akamletea pasipoti yake amsaidie kusafiri, tukacheka sana, lakini kisa cha kwanza, na alichokipenda kuliko vyote, kilikuwa Kisa cha Kitambaa.

Katika kisa hicho kampuni inajua kwamba kitambaa cha mteja kimeharibika ghalani, na lazima mtu ampigie au ampokee mteja amwambie. Nafasi ya mteja hakumpa mwanafunzi yeyote. Alitafuta simu mbili za zamani, fundi umeme wa chuo akaziunganisha kwa waya uliopita kwenye tundu la ukuta, moja mezani kwa wanafunzi, nyingine katika stoo ya vifaa iliyo chumba cha pili, na kaka alikwenda kukaa stoo juu ya boksi la karatasi, akapiga simu na kuzungumza kwa sauti ya mwanamke. Sauti hiyo ilikuwa yangu. Niliwahi kwenda kumpelekea suruali niliyomkatia, nikasimama koridoni, nikajisikia mimi mwenyewe nikizungumza Kiingereza nyuma ya mlango, na Kiingereza changu mimi ni cha kusomea lebo za nguo, nikaiacha suruali kwa mlinzi nikaondoka bila kubisha.

Wanafunzi waliiogopa simu ile, na waliipenda. Karibu wote, mwaka baada ya mwaka, walimjibu mteja kwa sentensi ileile ya adabu, kwamba suala lake wanalifuatilia, na kaka akirudi darasani alikuwa hasemi neno, anachora tu alama ya kosa hewani kwa kidole, kwamba mmefeli, kisha anakusanya vitu vyake. Wakimwuliza, "Mwalimu, sasa mteja yule mwisho wake ulikuwa nini?", aliwajibu, "Bado anangoja."

Mwalimu mwenzake, ambaye wanafunzi walimwita Kamusi, na ambaye yupo hapa na amenipa ruhusa ya kusema haya, hakukubaliana naye hata kidogo, alisema wanafunzi wanacheza tamthilia badala ya kujifunza lugha, na katika kikao cha idara aliwahi kumwambia, "Ndugu yangu, darasa lako ukilisikiliza kutoka nje unadhani ni soko," naye kaka akamjibu, "Na lako ukilisikiliza unadhani ni makaburi." Walikaa ofisi moja kwa miaka ishirini wakigombana hivyo, wakinywea chai birika moja.

Kaka alifunga ndoa takatifu Jumamosi tarehe 6 Juni 1992 na wifi yetu, mwalimu wa shule ya msingi, na Mungu aliwajalia watoto wawili, binti, ambaye ni mfamasia, na kijana, ambaye ni fundi wa kuchomelea vyuma. Kwa kuwa wifi ameniambia nisifiche, nasema kwamba kijana aliacha chuo mwaka wake wa pili ili akajifunze ufundi, baba yake akamtolea maneno makali, kijana akaondoka kwenda kufanya kazi mji mwingine, na tangu mwaka 2020 baba na mwana hawakuzungumza. Kaka aliyewafundisha watu wengi kupokea simu hakuwahi kumpigia mwanawe, na mwana naye ana kichwa cha ukoo wetu.

Ugonjwa ulianza mwishoni mwa mwaka 2021 kwa kukwaruzika kwa sauti, tukadhani ni chaki, kisha tukadhani ni mafua, hadi mwezi Aprili 2023 alipogundulika kuwa na uvimbe kooni, akafanyiwa upasuaji tarehe 11 Mei, na baada ya hapo alibaki na mnong'ono tu, unaosikika ukiwa umeinamisha sikio karibu na mdomo wake. Mnaweza kufikiri ilivyokuwa kwetu, mtu aliyekuwa na sauti za stesheni nzima, sasa hana hata ya kwake.

Mwezi Septemba daktari alituita katika chumba kidogo chenye kalenda ya mwaka uliopita, akatuambia kwa upole kwamba ugonjwa umesambaa, hakuna upasuaji mwingine wala dawa ya kuurudisha nyuma, na akauliza ni nani kati yetu atakayemweleza mgonjwa. Mjomba wetu, ambaye kwetu sisi ni baba tangu baba alipofariki, alisema, "Mgonjwa hauawi na ugonjwa, anauawa na habari. Asiambiwe." Wifi alimjibu, "Lakini mjomba, mwenye mwili si yeye?" Mjomba akasema, "Mwili ni wake, na yeye ni wetu." Tukaafikiana hivyo, kwa mapenzi, si kwa ubaya, na daktari akaheshimu matakwa yetu.

Sasa kaka alikuwa na jambo moja lililomkaa moyoni. Alitaka kuonana na mwanawe. Alininong'oneza, "Kama ninapona, mwache aje Desemba kwenye likizo yake, nitakuwa nimesimama, tutazungumza kiume. Kama siponi, mwiteni sasa." Nasi tulimwambia Desemba si mbali. Kila asubuhi aliuliza kwa midomo, "Majibu?", na kila asubuhi mmoja wetu alimjibu, "Madaktari wanafuatilia," na siku moja wifi alipomjibu hivyo, alitoa mkono wake chini ya shuka, akachora alama ya kosa hewani, akageukia ukutani. Wifi alitoka nje, akakaa kwenye benchi la koridoni, asiweze kurudi ndani hadi mchana. Tulikuwa tunamjibu kwa sentensi ileile aliyoikosoa maisha yake yote, na bado hatukumwambia.

Ninayoyasema sasa nimeyapata kwa walioyaona, na mengine nimeyaona mwenyewe, nami nayatenganisha.

Niliyoyaona mwenyewe ni haya. Jumanne tarehe 17 Oktoba asubuhi nilikuwa zamu yangu pembeni ya kitanda, namsomea zaburi kwa sauti kama alivyopenda, dirisha liko wazi, mama wa usafi anapiga deki koridoni, na katikati ya mstari sauti yangu ilikatika. Sikukohoa, sikukwama, midomo yangu ilikuwa ikitamka na hakuna kilichotoka, kama redio iliyozimwa. Nilinywa maji, nikajaribu tena, hakuna kitu. Nilitaka kumwita nesi nikashindwa hata kuita. Nilimgeukia kaka nimwonyeshe kwa ishara, nikaona naye macho yake yako wazi, ametazama dari, na midomo yake inakwenda, inakwenda na kusimama, inakwenda na kusimama, kama mtu anayezungumza na kumsubiri mwenzake ajibu. Nilidhani anasali, nikamshika mkono, nikasali naye moyoni. Mkono wake ulikuwa baridi, kisha ukapata joto.

Yaliyotokea darasani asubuhi hiyohiyo amenieleza Kamusi, na wanafunzi waliokuwapo wamenithibitishia. Darasa la kaka alilishika yeye tangu Mei, akawarudisha kwenye kukariri, lakini siku hiyo wanafunzi walimwomba wafanye Kisa cha Kitambaa, maana waliowatangulia wote walikifanya, naye akakubali kwa shingo upande, akawaambia, "Simu ya mteja tutaiwazia tu, hatuna mtu wa stoo." Simu ilikuwa bado mezani kama pambo. Walizunguka meza, wakaanza kubishana kwa Kiingereza nani atamweleza mteja, meneja anamsukumia wa mauzo, wa mauzo anamsukumia wa ghala, na simu ikalia.

Kamusi anasema alicheka, alidhani ni fundi umeme anawatania. Mwanafunzi aliyekuwa meneja aliipokea kwa mbwembwe, wenzake wakisogea kusikia, na sauti ya mwanamke, ya taratibu, imechoka, ikasema kwa Kiingereza kwamba anaulizia kitambaa chake. Kijana akajibu kwamba suala lake wanalifuatilia. Sauti ikasema, "Hilo nimeshaambiwa. Nauliza, kipo au hakipo?" Kijana akaupitisha mkono wa simu kwa mwenzake, naye akajibu vilevile, akaupitisha, na sauti ikauliza vilevile, ikazunguka meza nzima, na kadiri ilivyozunguka ndivyo vicheko vilivyoisha, na Kamusi anasema hakuweza kuinuka kwenye kiti chake, ingawa hakuna kilichomshika.

Mwisho simu ilimfikia binti mmoja aliyekaa pembeni kabisa, mwenye kigugumizi, wenzake wanamwita Pole-pole, na katika visa vyote alikuwa amepewa kazi ya kuandika kumbukumbu ili asizungumze. Mtu ambaye kila neno analitoa kwa kazi hana maneno ya kuzungukia. Aliishika simu kwa mikono miwili, akasema, kwa kukwama na kurudia, na hakuna aliyemcheka, "Mama, kitambaa chako kimeharibika. Maji yaliingia ghalani. Hakuna kingine, na hakitakuja. Samahani sana. Usingoje tena, waite watu wako leo." Sauti ikasema, "Asante, binti. Wewe ndiye wa kwanza kuniambia," na simu ikawa kimya, si kama iliyokatwa, bali kama jiwe.

Kamusi aliinuka, akaivuta simu kwake, akakuta nyuma yake kipande cha waya kifupi kinaning'inia, hakikushikana na kitu. Alimwita fundi umeme, na fundi yupo hapa, naye akamwambia, "Mwalimu, waya ule niliung'oa mwezi wa nane tulipopaka rangi, tundu nimeliziba kwa saruji kwa mkono wangu huu, na waya wenyewe upo nyumbani kwangu, mke wangu anaanikia nguo." Walikwenda wakaufungua mlango wa stoo. Ndani yake mlikuwa na ndoo za rangi, na boksi la karatasi, basi.

Narudi kwa niliyoyaona. Sauti yangu ilirudi ghafla, nikajisikia namalizia mstari ule wa zaburi mahali pale nilipoachia, kwa nguvu hata nesi akageuka mlangoni. Kaka aligeuza kichwa, akanitazama kwa macho makavu, matulivu, nikainama, akaninong'oneza, "Ameniambia." Nikamwuliza, "Nani, kaka?" Akasema, "Binti wa mwisho mezani. Mwiteni mwanangu. Leo, si Desemba." Nilimwuliza wifi, nikamwuliza mjomba, nikamwuliza daktari na manesi wa zamu zote, na kila mmoja ameapa mbele za Mungu kwamba hakumwambia, nami nawaamini. Mjomba aliposikia alitoa simu yake mfukoni, akampigia kijana yeye mwenyewe, akamwambia waziwazi, bila kuzunguka, "Baba yako anakufa, njoo."

Kijana alifika Jumatano alasiri, akiwa na nguo zake za kazi, kama babu yake siku ya mahafali. Tulitaka kutoka, kaka akatukataza kwa mkono. Aliivuta mikono ya mwanawe, akaigeuzageuza, akapapasa makovu ya moto, akanong'ona, na kijana akawa anarudia kwa sauti ili sote tusikie, "Baba anasema mikono imekuwa migumu. Ni kazi, baba. Anauliza ni kazi nzuri? Ni nzuri, baba. Anasema, basi." Kisha kaka alicheka, kicheko kisicho na sauti, na kijana akalala kwa kuegemeza kichwa kwenye godoro la baba yake, kama alivyokuwa akilala utotoni. Jioni hiyo kaka aliongea na kila mtu wake, alimwomba mkewe msamaha kwa mambo yao wenyewe, alimwambia binti yake asiache kuimba, alimshukuru mjomba, na mimi akaniambia neno moja, "Nimechelewa kuirudisha."

Alifariki Alhamisi tarehe 19 Oktoba 2023, asubuhi, chai aliyoletewa ikiwa bado ya moto, mkono mmoja ukiwa kwa mkewe na mmoja kwa mwanawe, akiwa na umri wa miaka sitini na miwili.

Ijumaa Kamusi alikuja kutupa pole pamoja na wanafunzi, yeye na mimi hatukuwa tumeonana tangu nianze kuzeeka, nikawapokea mlangoni, nikasema, "Karibuni ndani, wanangu, karibu kaka." Alirudi nyuma akashika nguzo ya baraza. Wanafunzi wawili walianza kulia, si kilio cha msiba. Pole-pole peke yake alisogea, akanishika mikono, akanitazama sana, akaniuliza polepole, "Mama, ulipata kitambaa kingine?" Sikujua bado aliyoyafanya, wala sikujua anauliza nini, lakini mdomo wangu ulimjibu kabla yangu, nikamwambia, "Hapana mwanangu, ila sasa nimeacha kungoja."

Mimi si mtu wa kueleza mambo haya, na nimemwuliza mchungaji, naye ameniambia kwa ukweli kwamba hajui, jibu ambalo kaka angelipa alama zote. Ninachojua ni kwamba kuna swali nililiuliza mwaka 1994 na halikujibiwa, kaka akalibeba miaka yote hiyo kwa sauti yangu akitafuta mtu wa kulijibu, na alipokuwa yeye ndiye anayengoja, sisi wa damu yake tulifuatilia, na binti asiyemjua vizuri akamjibu.

Familia inawashukuru madaktari na manesi wa wodi aliyolazwa, waliomhudumia kama ndugu yao, inawashukuru majirani waliotuletea viti na kutuchotea maji bila kuombwa, inamshukuru fundi umeme, na waya akae nao, uendelee kuanika nguo. Inakishukuru chuo na idara ya lugha, inamshukuru Kamusi, ambaye ametuambia kwamba muhula ujao atakifundisha Kisa cha Kitambaa yeye mwenyewe, meza zikiwa duara, na inamshukuru kwa namna ya pekee binti wa mwisho mezani, ambaye sitamwambia asimame, maana najua hapendi kutazamwa. Simu ile chuo kimetukabidhi, ipo kwenye kabati la vyombo la wifi, haijalia, na kijana amesema ikilia ataipokea yeye.

Kaka yangu, sauti yako nzuri Mungu ameichukua, na hii uliyoiazima imerudi, nami nimeitumia leo kukusomea hadi mwisho, pasipo kukatika. Hatutakuambia tena kwamba suala lako tunalifuatilia. Umekwisha kuondoka, hutarudi, na sisi tumebaki, ndio ukweli wenyewe. Pumzika kwa amani.